Maswali ya Wasomaji: "Nunca" Ikitangulia, "No" Ikalale

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka mahali pamoja, yaani nyie mnaojifunza Kihispania mmefika pale kwenye "kamwe" na "mara chache" na "sio kila siku" halafu mmekwama wote kwa mpigo kama mliambizana. Nimechagua sita. Salamu nimezikata ili zienee, msinune, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba.

Swali: Mwalimu, mimi nina wiki ya saba tangu nianze Kihispania, tunasoma onlaini. Juzi tulipewa kazi ya kuandika vitu ambavyo hatufanyagi kabisa. Nikaandika "Nunca no como carne", nikimaanisha nyama mimi sili kabisa, ikarudi "no" imepigwa mstari mwekundu. Sawa, nikajifunza. Sentensi iliyofuata nikaandika "Bebo nunca café", yaani kahawa sinywi kabisa, nikijua sasa nimeshaelewa mchezo, ikarudi nayo na mstari mwekundu, ila hii sasa "no" IMEONGEZWA. Naomba kuuliza, hiyo "no" inatakiwa au haitakiwi? Naona kama nachezewa akili. (Mstari Mwekundu)

Jibu: Hakuna anayekuchezea, mwalimu wako yuko sahihi mara zote mbili, kosa lake ni kwamba alichora mstari bila kukwambia sababu.

Hebu tuanze na Kiswahili chetu chenyewe maana ndiko tatizo lilikotoka. Sisi ukanushi tunauficha ndani ya kitenzi. "Naenda" ikikanushwa inakuwa "siendi", kitenzi kimebadilika mbele na nyuma. Ukitaka kukazia unaongeza "kamwe", na hiyo kamwe unaiweka unapotaka, "kamwe siendi" au "siendi kamwe", kitenzi wala hakishtuki, kinabaki "siendi". Hakuna Mswahili anayesema "kamwe naenda", ukisema hivyo mtu atakuuliza mara mbili unaenda au huendi. Sasa Kihispania ndivyo kinavyosema! "Nunca voy", neno kwa neno, ni "kamwe naenda". Sikio letu linakataa, linahisi kuna kitu kimepungua, na kabla hujajizuia mkono umeshachomeka "no" katikati. Ndivyo "Nunca no como carne" yako ilivyozaliwa, na sio yako peke yako, nimeshaiona kwenye madaftari mengi tu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitenzi cha Kihispania hakikubali kukanushwa kwa neno lililokaa nyuma yake peke yake, lazima mbele yake pawe na neno la ukanushi. Kama "nunca" imetangulia, kazi imeisha, "no" ikalale: "Nunca como carne". Kama "nunca" imebaki nyuma, basi "no" lazima isimame mbele: "No como carne nunca". Zote mbili zina maana moja, nyama sili kamwe. Ila "nunca" na "no" kufuatana mbele ya kitenzi, hapo ni mafahali wawili zizi moja, haikai.

Kwa hiyo sentensi yako ya pili ilikuwa na kosa la kinyume, "nunca" ipo nyuma na mbele hakuna mtu. Iwe "No bebo café nunca" au "Nunca bebo café". Na angalau ulikosea kwenye kunywa, ungekosea kwenye kula ingekuwa kichekesho, maana "como" ni "nakula" lakini pia ni "kama", na "como nunca" ni msemo kabisa wenye maana ya "kama haijawahi kutokea". "Comí como nunca" ni kwamba nilikula siku hiyo balaa, sijawahi kula vile. Yaani unataka kusema huli, mwenzako anasikia ulijaza tumbo.

Nyuma ya kitenzi, sasa, rundika unavyotaka, "no" au "nunca" ikishakaa mbele hakuna anayehesabu. "Nunca le digo nada a nadie", neno kwa neno ni kama "kamwe namwambia hakuna-kitu kwa hakuna-mtu", kumbe maana yake ni moja tu, simwambii mtu yeyote chochote. Vitabu vingi na programu nyingi za simu za kujifunzia Kihispania zimetengenezwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza, na hao tangu shuleni wameambiwa kukanusha mara mbili ni kosa, kwa hiyo vitabu vinatumia kurasa na kurasa kuwatuliza wasiogope "No voy nunca". Sisi hiyo hatuiogopi hata! "No voy" ni "siendi", "nunca" ni "kamwe", mpangilio ni ule ule wa kwetu, inateleza yenyewe. Kinachotusumbua sisi ni ile nyingine, "Nunca voy", na hiyo vitabu vinaipita kwa mstari mmoja kwa sababu kwa Mwingereza ni rahisi. Ushauri wangu, na najua kuna walimu hawatakubaliana nami, kwa mwezi mmoja hivi tumia "No … nunca" tu kila mahali, huwezi kukosea, halafu ukishazoea ndio uanze kuileta "nunca" mbele. Utahitaji kuizoea maana utaisikia kila saa.

Na ili usijione mjinga, Kihispania cha zamani, kile cha karne ya 12 na 13, kilikuwa kinaweka hiyo "no" hata baada ya maneno kama "nadie", walikuwa wanaandika "nadi no", yaani vile vile ulivyofanya wewe. Na hata leo kwenye Kihispania cha Paraguay, ambako watu wengi wanaongea pia Kiguaraní, lugha ya wenyeji wa huko, bado unaweza kusikia "nadie no vino" kwa maana ya hakuna aliyekuja. Kwa hiyo hukuandika upuuzi, umeandika Kihispania cha wakati mwingine, ila kwenye mtihani usijitetee hivyo.

Kitu kingine ambacho hujauliza ila utakifikia wiki mbili zijazo. Vile vijineno vya "me, te, lo, le" vinakaa wapi? Hapa Mswahili anapata bure, wenzake wakitoka jasho. Angalia "sikuoni": si, halafu ku, halafu oni. Kihispania, "No te veo": no, halafu te, halafu veo. Mpangilio ule ule, kwanza kukanusha, kisha anayetendewa, kisha kitenzi, tofauti ni kwamba wao wameacha nafasi katikati na sisi tumebandika. "Haniambii", "No me dice". Hata "ji" yetu inaingia hapo hapo, "sijioni" ni "No me veo". Ukiweka "nunca" badala ya "no", hakuna kinachosogea: "Nunca te veo", "Nunca me dice". Usiandike "Te nunca veo", kile kijineno kimegandana na kitenzi, usikitenganishe.

Na "sijawahi" je? "Nunca he viajado en avión", sijawahi kusafiri kwa ndege, au "No he viajado nunca en avión". Usipenyeze kitu kati ya "he" na "viajado", "He nunca viajado" haipo kabisa. Argentina na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini watakwambia tu "Nunca viajé en avión" na ni sahihi vile vile, usimrekebishe mtu.

Swali: Mimi nataka kujua tu tofauti ya "no siempre" na "siempre no". Niliandika kwenye meseji kwa rafiki yangu wa Meksiko "Siempre no estudio los domingos", nilitaka kusema sio kila Jumapili nasoma, yeye akanijibu "¿Y por qué cambiaste de idea?", kwa nini umebadilisha mawazo. Sikubadilisha chochote mwalimu! (Jumapili)

Jibu: Hahaa, Jumapili umeangukia pabaya, maana Meksiko "siempre no" ni msemo wao wa kila siku wenye maana ya "basi, nimeghairi". Mtu alisema atakuja kwenye sherehe, baadaye anaandika "Siempre no voy", yaani siji tena, mipango imebadilika. Haihusiani na kila siku wala kila wiki. Wana na "siempre sí" pia, hatimaye naja. Rafiki yako kasoma kwamba ulipanga kusoma Jumapili ukaahirisha. Mhispania wa Hispania angeisoma tofauti, angedhani unasema Jumapili zote husomi, halafu angejiuliza kwa nini hukusema "nunca estudio" kama watu wengine.

Ulichotaka ni "No siempre estudio los domingos". "No" inakaa mbele ya "siempre" na kuikanusha hiyo "siempre" yenyewe: sio kila mara. Vivyo hivyo "no todos los días", sio kila siku.

Sasa hapa kuna jambo kubwa kuliko hilo lako. Maneno ya kutaja mara ngapi yapo ya aina mbili. Kuna ambayo yana ukanushi tumboni, kama nunca na jamás (katu) na casi nunca (karibu na kamwe), hayo yakitangulia "no" inaondoka kama nilivyomwambia Mstari Mwekundu. Na kuna ambayo hayana kitu tumboni, siempre (kila mara), a veces (kuna wakati), a menudo na muchas veces (mara nyingi), de vez en cuando (mara moja moja). Hayo hayawezi kukaa badala ya "no" hata siku moja, "no" inabaki kazini, na mahali ilipokaa ndipo panaamua maana. "Muchas veces no estudio" ni mara nyingi sisomi, mzembe huyo. "No estudio muchas veces" ni sisomi mara nyingi, yaani nasoma lakini mara zenyewe ni za kuhesabu. Si unaona? Na Kiswahili kinageuka vile vile ukiisema kwa sauti, "mara nyingi sisomi", "sisomi mara nyingi", kwa hiyo usitafute kanuni kitabuni, isemee moyoni kwa Kiswahili kwanza halafu fuata mpangilio huo huo. Kwa "a veces" ni rahisi zaidi, inakaa mbele na "no" inafuata, "A veces no desayuno", kuna siku sinywi chai ya asubuhi, basi.

Swali: Niliulizwa na mwalimu wa mazungumzo "¿Nunca has visto la nieve?" nikajibu "Sí". Akaanza kuniuliza niliionea wapi hiyo theluji na ilikuwa baridi kiasi gani. Mimi theluji naijua kwa picha tu. Nilikosea wapi? (Sina Theluji)

Jibu: Ndugu yangu, pole, hili limenikuta hata mimi, tena mbele ya watu. Niliulizwa kama sijawahi kupanda ndege nikajibu "sí" kwa kujiamini kabisa na nikaishia kutunga safari nzima ya uongo kwa sababu sikujua namna ya kurudi nyuma.

Sisi ukituuliza "Hujawahi kuona theluji?" tunajibu "Ndiyo, sijawahi". Ile "ndiyo" inaliitikia swali, yaani ulivyosema ndivyo ilivyo. Kihispania hakiitikii swali, kinasema jambo lenyewe lipo au halipo. Umeona theluji? "Sí". Hujaona? "No". Swali liwe limeulizwa kwa kukanusha au kwa kukubali, halibadilishi kitu. Kwa hiyo "¿Nunca has visto la nieve?" kama hujaiona, jibu "No, nunca" na umalize. Ukisema "sí" tupu, anachosikia ni "mbona nimeiona". Na ukiona umeshateleza, rudia sentensi nzima, "No, no la he visto nunca", hapo "no" ya kwanza ni "hapana" na ya pili ni ile "si" ya kwenye "sijaiona", ni kazi mbili tofauti na zote zinatakiwa, wala sio kigugumizi.

Halafu wewe ukitaka kuuliza "umewahi?", usitumie nunca, tumia "alguna vez": "¿Has visto alguna vez la nieve?" Ukiweka "nunca" umeshauliza "hujawahi?", na hilo wengine wanalisikia kama unawashangaa.

Swali: "Bado" kwa Kihispania ni "todavía", nimeandika kwenye daftari. Mbona nikijibu "Todavía" watu wanakaa wanasubiri niendelee? (Bado Bado)

Jibu: Kwa sababu hujajibu. Bado yetu ina ujanja, ukiiweka peke yake inabeba ukanushi bila kuonyesha. "Umekula?" "Bado." Kila mtu kaelewa hujala. "Todavía" haina huo ujanja, yenyewe ni ile bado ya "bado nakula", jambo linaendelea. Ukitaka bado ya hujala lazima uitaje "no": "¿Ya comiste?" "Todavía no." Maneno mawili, usiyatenganishe kichwani, yaandike upya daftarini kama neno moja ukitaka. "Aún no" ni kitu hicho hicho, ila usisahau alama juu ya "u", kwa sababu "aun" isiyo na alama inakuwa "hata".

Na kwa kuwa tupo hapo, ongeza na pacha wake, "ya no". "Ya" ni tayari au sasa, lakini "ya no" ni "si tena". Chukua kitenzi kimoja ukizungushe: "Ya fumo", sasa nimeshaanza kuvuta sigara. "Todavía fumo", bado navuta. "Ya no fumo", sivuti tena, nimeacha. "Todavía no fumo", bado sijaanza kuvuta (na anayesema hivyo ana mipango mibaya). Wengi wanachanganya "ya no" na "nunca", halafu mtu aliyeacha sigara mwaka jana anasema "Nunca fumo", mwenzake anadhani hajawahi kuishika. Aliyeacha anasema "ya no".

Swali: Jamaa kasema "No sé", nikasema "Yo también no sé", wakacheka. Kwa nini? (Na Mimi)

Jibu: Ni ile "mimi pia sijui" yetu. Kihispania "también", yaani "pia", haikai na ukanushi, inapisha "tampoco". "Yo tampoco", imetosha, au "Yo tampoco lo sé". Tampoco inafuata sheria ile ile ya nunca, ikitangulia "no" inaondoka, ikibaki nyuma "no" inarudi: "Tampoco voy", "No voy tampoco". Wasikucheke bwana, ni kosa la kawaida sana.

Swali: Dada yangu mkubwa alisoma Kihispania zamani, ananiambia "jamás" ni nunca ya watu wenye hasira. Ni kweli? Na kuna mahali nimeona "más que nunca" na sentensi ilikuwa nzuri tu, hakuna anayekanusha kitu, nikachanganyikiwa. Pia nieleze ukitaka kusema "mara chache" na ile "huwa" yetu, maana "Mimi huwa sili usiku" nimeshindwa kuiandika kabisa. (Mdogo Mtu)

Jibu: Maswali manne kwenye bahasha moja, haya.

Dada hajakosea sana. Jamás na nunca zinafuata kanuni moja, tofauti ni uzito. Nunca ni ya kila siku, tabia tu, "Nunca ceno", sili usiku. Jamás ina kiapo ndani, "Jamás te mentiré", katu sitakudanganya, ni ile asilani na abadani ya kwetu. Sio lazima uwe na hasira, mapenzi pia yanatosha. Ukitaka kuzidisha unaziunganisha, "nunca jamás", kwa mpangilio huo. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba "jamás" kiasili wala haikuwa ya kukanusha, inatoka kwenye Kilatini "iam magis", kitu kama "sasa zaidi", wakati "nunca" inatoka "numquam" ambayo tangu mwanzo ni kamwe. Ila jamás ikakaa na "no" karne na karne mpaka ikanyonya ukanushi wake. Sura ya zamani imebaki kwenye "por siempre jamás", ambayo ni milele na milele, hakuna kinachokanushwa pale.

"Nunca más" nayo ijue, si tena kamwe. Ukifika Argentina usiitumie kwa vitu vidogo vidogo ukadhani haina uzito. Mwaka 1985, kwenye kesi ya majenerali waliokuwa wametawala nchi kwa mabavu, mwendesha mashtaka Julio Strassera alimaliza hoja zake kwa kuwaambia majaji maneno hayo mawili, na mpaka leo yanaandikwa ukutani na kubebwa kwenye maandamano.

"Más que nunca" ni kulinganisha, kuliko wakati wowote. "Te quiero más que nunca", nakupenda kuliko wakati wowote. Ukilinganisha na "que", nunca haikanushi sentensi, kwa hiyo usitafute "no" mahali popote. Wana na methali yao humo humo, "Más vale tarde que nunca", kuchelewa ni bora kuliko kutofika kabisa, ambayo sisi tumeimaliza kwa maneno mawili, kawia ufike.

Mara chache. Hapa kuwa makini maana Mswahili anapenda kutia ukanushi pasipo na haja. "Rara vez" ni mara chache, nadra, na kitenzi chake hakikanushwi: "Rara vez llega a tiempo", ni nadra afike kwa wakati. Ukiongeza "no", umegeuza mambo, sasa mara nyingi ndio anachelewa… hapana, subiri, nisikuchanganye, "Rara vez no llega a tiempo" ni kwamba mara chache ndio hafiki kwa wakati, yaani ni mtu wa kufika mapema, umemsifia bila kukusudia. "Casi nunca" nayo ni karibu na kamwe, inakwenda na sheria ya nunca kabisa: "Casi nunca llega a tiempo" au "No llega a tiempo casi nunca". Mimi kwenye kuongea natumia casi nunca zaidi, rara vez inanukia kitabu kidogo. Na ukikutana na "no pocas veces" usishtuke, ni mara si haba, nyingi hizo.

Sasa "huwa". Kiswahili "hu" ya mazoea haina kinyume chake, huwezi kuikanusha yenyewe, unasema "mimi hula" lakini ukikataa unarudi kwenye "sili" au unaazima, "huwa sili". Kihispania kina kitenzi kizima kwa kazi hii, "soler", na chenyewe kinakanushika vizuri tu. "Suelo comer temprano", huwa nakula mapema. "No suelo cenar", huwa sili usiku, ndiyo sentensi yako hiyo. Ni laini kuliko "Nunca ceno", inaacha mlango wazi kidogo, kwamba siku ukinikuta nakula usiku usinishike uongo. Baada yake kitenzi kinakuja kizima bila kunyambuliwa, cenar, comer, salir. Yenyewe inakwenda hivi: suelo, sueles, suele, solemos, soléis, suelen, na ya zamani ni "no solía", sikuwa na mazoea. Wakati ujao usiutumie, tabia ya kesho haijawa tabia. Kitu cha mwisho, "suelo" pia ni sakafu, kwa hiyo ukisema "No suelo" ukanyamaza hapo hapo kutafuta neno, mwenzako atainamisha kichwa kuangalia chini umeona nini.